Marufuku

Mie ndiye niliyekiandika.
Kibao cha njiapanda ya Gando,
bati futi nne kwa tatu, boriti mbili za mkandaa,
nyekundu ya mafuta juu ya nyeupe, mikono miwili.
Nilipiga mistari kwa uzi na chaki,
nikaipa M miguu ya kusimamia,
nikaacha nafasi baina ya herufi na herufi
kama alivyonifunza aliyenifunza:
neno lisipumue kwa tabu.

MARUFUKU KUANIKA KARAFUU BARABARANI.
FAINI SHILINGI LAKI MOJA.
KWA AMRI.

"Amri ya nani?" nilimuuliza Sheha Shaame.
"Wewe andika tu kwa amri.
Watu wenyewe watajua."

Hawakujua. Au walijua sana.
Siku ya tatu, rangi bado yanata kidoleni,
Bi Mize kaja na majamvi yake manne,
kayatandika chini ya kibao, hasa chini yake,
maana pale, asema, pana kivuli cha kukalia
mtu akifukuza mbuzi.
Kivuli cha faini, Bi Mize?
"Kivuli ni kivuli, mwanangu."

Na lami, tusidanganyane, ina moto wake.
Uani siku tano, na mvua ikikuvizia, saba.
Lami siku mbili, karafuu yavunjika kwa ukucha: tak.
Hayo nayajua. Nina mikarafuu sita ya urithi.
Lakini neno ukishaliandika kwa herufi za shubiri nzima
unataka, hata wewe, liwe na meno.

Basi nikawa nalitazama.
Lori la mawe likapita juu ya jamvi la mwisho,
likaacha mstari wa grisi, hakuna aliyelaani.
Askari wa Baraza la Mji, pikipiki mpya,
alisimama, akakisoma kibao mpaka kwa amri,
akavua kofia, akajipepea,
akauliza bei ya kilo msimu huu.
Akaondoka na mfuko wa makonyo
ya kufukizia mbu.

Mwezi wa pili kibao kikapata kazi.
Baiskeli zakiegemea.
Mtu kabandika tangazo la mpira wa Jumamosi.
Na bodaboda hawajui tena njiapanda.
"Wapi?"
"Nishushe Marufuku."
Marufuku! Kama mtaa,
kama kuna watu wamezaliwa Marufuku,
wakaoa Marufuku, wakazikwa nyuma ya msikiti wa Marufuku.
Kikao cha wazazi wa skuli: saa kumi, Marufuku.
Saini ya tangazo, Sheha mwenyewe.

Nikenda kwake. Si kwa faini,
kwa elfu arobaini zangu za rangi
ambazo nazo zilikuwa kwa amri.
"Subiri," kasema. "Kipo kibao cha pili.
Andika: marufuku kuegemeza baiskeli kibaoni."
Nilicheka mpaka chai ikanipalia.
Yeye hakucheka.

Raya wangu yuko darasa la kwanza,
asoma kila kilichosimama.
Ma-ru-fu-ku. Akanyamaza, akapima.
"Baba, marufuku ndo pahala pa kuanikia?"
Nikafungua kinywa.
Nyuma yake majamvi kumi na moja, yamejaa,
wekundu waelekea weusi,
na harufu ile, hiyo huwezi kuigombeza.
"Soma na mstari wa pili," nikamwambia.
"Huo mgumu," akasema.

Jana wingu lilitoka upande wa Mtambwe bila hodi.
"Mvua! Mvua jamani!" na njia nzima ikainama,
wenye fagio, wenye ndoo, wenye kanga za kichwani,
Bi Mize na goti lake bovu.
Nani angesimama?
Nilipiga magoti juu ya lami yenye moto,
nikakumba karafuu za watu kwa viganja viwili, mchanga na yote,
tone la kwanza likagonga bati,
nikainua uso.
M yangu bado imesimama vizuri.
Kwenye FAINI, rangi imeanza kubanduka.