Sekunde Nane

Diski nne nilizinunua kwa pupa
duka la Bhavesh, nyuma ya Barabara ya Digo,
za mezani, bei ya kutupa.
Kadi ya kidhibiti niliipata kando,
imetumika, imeng'olewa kwenye seva ya benki fulani,
bado ina vumbi la watu wa tai na viyoyozi.
Nikasema: plagi zaingiana, basi vitu vyapatana.
Kumbe kuingiana si kupatana.
Waulize waliooana.

Nilitaka kuitia humo studio nzima ya baba:
miaka thelathini na minane ya Mwembe Tayari,
harusi, maulidi, pasipoti, watoto wa siku arubaini,
mabwana waliokodi koti la studio kwa picha moja
wakalirudisha lina jasho.
Usiku wa kwanza, kimya, salama.
Usiku wa tisa, taa nyekundu
na king'ora chembamba kama mbu wa Sparki.
Kidhibiti kimeandika: diski ya tatu, imekufa.

Nikaichomoa maiti, nikaichomeka kwenye kompyuta ya dada.
Ikaamka.
Ikasoma kila kitu.

Nyamawi alikuja kutoka Kisauni na bisibisi mfukoni,
akakalia ndoo, akacheka hadi akakohoa.
"Haikufa hii. Ilikuwa inatafuta.
Imefika palipokwaruzika, ikajaribu, ikarudi, ikajaribu.
Diski ya mezani imezoea kuishi peke yake,
ikiacha neno, neno limepotea.
Na kadi yako ni karani wa benki:
anahesabu hadi nane.
Asiyejibu, maiti."

Nikanyamaza.
Chumba cha pili baba alikuwa anatafuta "kijiko".

Tangu kiharusi cha mwezi wa Shaabani
ukimuuliza kitu macho yake huingia ndani,
mkono wa kulia umelala pajani,
yuko huko, anapekua kabati moja baada ya jingine,
na sisi, mimi wa kwanza,
hatufiki hata nne:
Chai? Choo? Dawa?
Tumeshamjibia.

Nyamawi akaandika nyuma ya risiti.
Tafuta diski za seva, zilizofunzwa kukiri:
ikikwama, sekunde ya saba inasema "hapa sijui",
wenzake wanapiga hesabu ya walichonacho,
pengo linajaa.
Usichukue zote nne za kundi moja;
waliozaliwa siku moja kiwandani huugua wiki moja.
Soma orodha ya kadi kabla hujafungua pochi,
kuna kadi kongwe hazioni kupita terabaiti mbili,
kilichozidi kwao ni giza.
Betri ya kadi, mpya. Stima ya hapa haipigi hodi ikiondoka.
Pangusa plagi, chumvi ya hewa hii hula hata dhahabu.
Halafu akapiga mstari mara mbili:
*Reidi si nakala. Weka nyingine kwa shangazi, Voi.*

Bhavesh alikubali kurudishiwa mbili tu, kwa uso wa msiba.
Pesa iliyobaki nilipata kwa kuuza lenzi ya baba, ile ndefu.
Sijamwambia.

Sasa seva iko chini ya cherehani ya mama,
inanguruma kama paka aliyeshiba,
taa nne za kijani.
Jana nikafungua picha moja, harusi, ukuta wa buluu,
bwana amesimama kama aliyemeza rula.
"Baba, hawa nani?"
Macho yakaingia ndani.
Nikauma ulimi. Nikahesabu.
Tano. Sita.
"Sijui," akasema,
neno zima, halina mkwaruzo.
Na mama, bila kuinua uso kwenye pindo:
"Binti Kombo wa Guraya, yule wa pili.
Waliachana picha hazijakauka."

Tukacheka. Nikataka kufungua nyingine.
Lakini yeye bado alikuwa huko ndani, anapekua,
nami nikaendelea kuhesabu, kumi na mbili, kumi na tano,
hadi kidole chake cha kushoto kikapanda polepole
kikagusa kioo, kifuani pa bwana harusi:
"Koti," akasema.
"Koti langu."