Sumaku

Usilete rangi kwanza, nilimwambia Bwana Chipoka kwa simu.
Kijani unachokitaka kipo dukani Mtwara, hakiozi.
Niache kwanza niliulize gari jina lake.

Liko Nachingwea, ghalani kwa marehemu Nangomwa,
limelalia matofali manne,
magunia ya korosho yamelifunika hadi masikio.
Bintiye, Bi Somoe, akaniletea kiti, funguo,
na kadi ya gari ndani ya mfuko wa sukari.
"Ni Landrova ya karanga," akasema.
"Mradi ulipokufa, Mzungu akifungasha virago, alimwachia baba.
Hadithi hiyo tumeota nayo meno."

Mimi sina ugomvi na hadithi.
Nina brashi ya waya, mafuta ya taa, msasa, tochi,
na sumaku niliyoing'oa kwenye spika iliyokufa.

Bodi ya magari yale ni aluminiamu,
sumaku haina shughuli nayo.
Madigadi ya kulia: ikateleza, ikaanguka vumbini. Vyema.
Boneti: ikaanguka.
Mlango wa kushoto:
ndi!
Ikanasa kama kupe.
Nikakwangua kwa ncha ya bisibisi: bluu, chini yake nyeupe,
chini yake herufi mbili za njano
za pipa la mafuta.

Nikaingia uvunguni.
Chesisi ina kovu katikati, nyuma ya giaboksi,
kovu nene, la mkono wenye haraka au wenye njaa:
mbele ina mama yake, nyuma ina mama yake.
Namba niliisugua nusu saa.
Kiwandani tarakimu husimama kama askari wa gwaride;
hapa ile saba imeinama, imechongwa kwa patasi,
na ndani yake, ukimulika tochi kwa ubavu,
kuna moja, inachungulia.

Injini nisiiseme. Injini ni ya Pijo.

Nikatoka mgongo mweusi.
Bi Somoe anabangua korosho, vidole vimebabuka,
hakuinua uso.
"Sema."
Nikasema. Magari mawili, labda matatu, ya vyuma chakavu.
Na Bwana Chipoka bei yake ni ya karanga;
isipokuwa ya karanga, atalipima kwa kilo.
Wapo mafundi ambao wangeinyoosha saba hiyo kwa laki mbili.
Mkono huo ninao.
Niliutia mfukoni.

Akabangua moja. Akabangua ya pili.
"Kwa hiyo baba alidanganya."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi.
Sikujua nimjibu nini, nikarudi garini
kung'oa sanduku la kiti cha dereva, basi tu, niwe na kazi,
na upande wa chini wa ubao nikakuta penseli:

Ruponda, gunia sita. Alilipa.
Lukuledi, jeneza na watu wanne. Nusu.
Masasi, padri na kinanda chake. Alilipa.
Ndanda hospitali, usiku, mvua, binti wa homa. Hakulipa.

Nililowesha kidole nikaupitisha. Haikufutika.
Nikamulika kwa ubavu. Hakuna kilichochungulia.

Bi Somoe akaja, mikono nyuma asichafue ubao,
akasoma mstari wa mwisho kwa midomo,
akausoma tena.
Kisha akacheka, kicheko cha puani, kama anayepiga chafya.
"Huyo ni mama," akasema.
"Alilipa. Miaka arobaini na moja."

Kumbe hiyo njia fupi ilifika Ndanda na kurudi, masika,
kwa mlango wa pipa.

Nimeandika kwenye daftari:
Chesisi, imeungwa. Namba, imechongwa.
Mlango wa kushoto, bati. Injini, ya kuazima.
Kiti, halisi, kisipakwe chochote.
Simu ya Chipoka inaita mara ya tatu.
Sumaku, mfukoni, imeng'ang'ania funguo za watu.