Beji ya Brenda

Mei, ukungu bado umelalia gati la Bar Harbor,
Bibi Pelletier alifungua kopo la biskuti
akachakura beji za misimu iliyopita
kama mtu atafutaye kifungo cha koti.
Nyamvula lilimshinda ulimini na mfukoni:
herufi nane, dola kumi na moja, siku tano kusubiri.
Akanipa Brenda.
Brenda alikuwa nani, sikuuliza.
Pini yake ilikuwa imepinda,
ikinidunga kila nilipoinama kuinua kreti.

Kamba-koche hufika saa nne asubuhi,
makucha yamefungwa raba za buluu,
wanazungukazunguka ndani ya sinki
kama wapangaji waliofika kabla ya ufunguo.
Thibodeau, mpishi, huwashika mgongoni,
huwatia chunguni, huku akipiga mluzi.
Nikamwuliza, mluzi wa nini?
Akasema, ili nisisikie.
Kwani wanalia?
Hapana, akasema. Ndiyo sababu.

Asubuhi sinki, jioni trei.
Julai meli zilitema watu kwa mkupuo,
watu wazima, wenye pete na miwani ya bei,
wamefungwa bibu shingoni kama watoto wa miezi sita,
siagi ikiwatiririka hadi viwikoni.
Mmoja akasoma kifua changu: Brenda, kwenu wapi?
Kwale, nikasema.
Akanyoosha kidole upande wa gati, kwa upole kabisa:
boti za kutazama nyangumi hukatia tiketi pale.

Siku za mvua hakuna wateja,
na saa zisizofanywa hazilipwi.
Tulilala wanne darini, juu ya friji inayonguruma.
Marvalee wa Jamaika, huu ukiwa msimu wake wa saba,
alihesabu viatu vya shule kwa sahani:
mia nne, mguu wa kushoto;
mia nne nyingine, wa kulia.
Mtoto wake wa mwisho, alisema, amenunuliwa wote na kamba.

Mama kwenye simu: mnakula nini huko?
Viazi, mama. Mkate. Supu iliyobaki.
Na kamba je, si umesema mnapika kamba?
Kamba mmoja ni dola thelathini na nane,
jasho langu la saa tatu.
Kwetu Msambweni pia nilimwona akipita tu,
ndani ya ndoo, juu ya pikipiki, kuelekea hoteli za Diani.
Nimevuka bahari nzima
kuja kumwona akipita upande huu.

Usiku mmoja wa Agosti, mvuke umefunika hata taa,
nilitunga ubeti. Sikuwa na karatasi.
Niliutia kwenye mapovu, nikauhesabu kwa vijiko:

Sahani hazina kwao, huja chafu huondoka,
Wenyewe na meza zao, kucheka na kuridhika,
Mimi na masazo yao, na maji yanayowaka,
Nikiosha vyombo vyao, jina langu latoweka.

Mizani imetimia. Nilirudia kuhesabu mara mbili,
na Thibodeau akadhani nimekosea oda.

Oktoba ikaja na upepo wa kukwangua uso.
Viti vikapandishwa juu ya meza, miguu hewani.
Chungu kikageuzwa kifudifudi.
Marvalee akaondoka na basi la alfajiri
akiwa amevaa sweta tatu, moja yangu.
Bibi Pelletier akanipa bahasha ya mwisho,
akasema, ukirudi mwakani nitaagiza yako.
Niandikie vizuri, herufi kwa herufi.
Nikamwandikia nyuma ya menyu.
Akaikunja akaitia aproni, kisha akavua aproni
akaitupa kwenye tenga la nguo chafu.

Nikavua beji.
Kabla sijairudisha koponi nilichukua koleo,
lile la kuvunjia makucha,
nikainyoosha pini, taratibu, isikatike.
Atakayekuwa Brenda mwakani
asidungwe.