Kielelezo Namba Saba

Kofia ya Wilmar iko mezani kwa hakimu,
imefungwa nailoni, imeandikwa saba.
Koplo Arbeláez anaapa king'ora kililia.
Bibi Nereida, muuza maua wa kona ile ya Pereira,
anasema: hakikulia. Nilichosikia ni breki,
kisha ndoo zangu.

Wakili wa serikali anamuuliza umri, anamuuliza miwani.
Anajibu yote. Halafu:
"Masikio hayavai miwani, mheshimiwa."

Watu wanacheka. Mamake Wilmar hacheki.
Anahesabu taa nyekundu kwenye mchoro wa polisi:
moja tu,
nayo imechorwa upande wa mwanawe.

Hukumu Alhamisi, labda.
Pikipiki ingali yadi ya polisi, imekunjika shingo,
na kila usiku inaolala pale
mama anadaiwa ada ya maegesho.