Kocha wa Makipa

Timu ina kocha wake, anapigwa picha,
ana koti hata Agosti, ana maji ya barafu.
Sisi makipa watatu tuna Zahran.
Husimama nyuma ya wavu,
pale ambapo hata taa za uwanja hukata tamaa,
na gunia la mipira kumi na miwili.
Mmoja unavuja. Tunaujua kwa sauti yake.

Alidaka miaka kumi na mitano hapa Ibra.
Goli alipewa kwa kuwa ni mgeni,
mtoto wa watu waliorudi kutoka Wete,
Kiarabu chake kimejaa mashimo,
na golini, walisema, maneno hayahitajiki.
Uongo huo. Kipa asiyesema ni nguzo ya tatu.
Basi akasema kwa alichokuwa nacho:
"Wangu!" mpira ulipopaa, "Wangu!"
na mabeki wakajifunza kuinamisha vichwa
kabla hawajaijua maana.
Leo hata watoto wa chandimu bondeni
wanapiga ukelele huo. Waulize ni lugha gani:
watakwambia, ya mpira.

Vidole vyake ni ratiba ya ligi.
Hiki Sur, hiki Bahla, hiki kilichopinda kama kulabu
ni cha fainali, na ya fainali hatuulizi.
Tunajua tu ilikuwa dakika ya themanini na tisa,
pasi ya kurudishiwa, ya kitoto,
ukampita chini ya tumbo kama paka.
Mwaka uliofuata bega likakataa.
Hapakuwa na hafla. Alitundika glavu kwenye msumari,
na kesho yake akaja mazoezini
mikono mitupu.

Baada ya Isha, joto bado thelathini na nane,
anatupigia mipira kwa mguu wa kushoto
mpaka soksi inatota.
"Miguu! Mikono ni wageni, miguu ndio wenyeji.
Mwenyeji akichelewa, nani atafungua mlango?"
Hututazama viatu, hatutazami usoni.
Mimi ni kipa wa tatu, kazi yangu kuokota,
lakini nikidaka, nayo anaihesabu
kwa sauti, kama ya wengine.

Namba moja ni Shahdad, Mbaluchi.
Kiswahili chake chote ni neno moja
na analipiga kama baruti.

Usiku ule wageni walipata penalti.
Nilikuwa benchi, ubavuni kwa Zahran.
Nikaona bega lake bovu likielemea kushoto, mapema,
kabla mpigaji hajavuta pumzi,
na mikono yake, ndani ya mifuko ya suruali,
ikaruka.

Shahdad akaenda kulia.

Kocha mkuu alizungumza na waandishi.
Jina la Shahdad alilitaja mara tatu.
Chumbani watu waliongea na simu zao.
Zahran alipiga magoti sakafuni, akamvua glavu,
ya kulia, kisha ya kushoto,
kama anavyovuliwa mtoto aliyepitiwa na usingizi garini.

"Goli wangu," akasema Shahdad,
kwa lile neno lake moja.

Zahran akatikisa kichwa.
"Goli langu," akasahihisha.
"Mpira ndio wangu. Goli, langu."

"Langu," akarudia Shahdad, mwanafunzi mwema.

"Hapana." Akajigonga kifua
kwa kile kidole cha kulabu.
"Langu mimi. Nilikwambia kulia.
Wewe kaa na *wangu* wako.
Kesho baada ya Isha."

Sikumbuki kama kweli alimwambia kulia.
Nilikuwapo wiki nzima, nikiokota.

Nikatoka na gunia, nikahesabu: kumi na mmoja.
Wa mwisho niliusikia kabla sijauona,
nyuma ya wavu, gizani, mahali pake,
ukitoa pumzi kidogokidogo.