Mwasura

Jumanne, saa tatu asubuhi, Stoke,
mvua ile isiyonyesha wala kuacha.
Profesa Colclough ametandaza grafu ukutani
na mistari inapanda kama bei ya unga:
wa kijani ni perovskaiti,
mwekundu, betri.
Grafini ilikwisha panda, sasa imejilaza huko juu
kama mtu aliyeshiba.
Kauri iko chini, pale pale,
imetulia kama maji ya mfereji nyuma ya jengo letu.
Hakuna anayeinyooshea kidole.

Kisha majina, na waliomnukuu kila mmoja.
"Mghoi Mwasaru: watatu."
Wakakohoa. Hapa kuna kikohozi cha adabu,
hakihitaji dawa.
Watatu: mmoja ni mimi mwenyewe,
wa pili Tamsin, mwanafunzi wangu,
wa tatu bwana wa Toronto anayesema nilikosea.

Miaka minne nilikaa na ufa ule,
mwembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga,
kwenye ngozi ya kioo ya kikombe cha chai.
Huja siku ya tatu, tanuri likishapoa,
watu wakishasema: kimetoka salama.
Ufa una sauti. Tin.
Halafu kimya.
Halafu, saa nane usiku, koti mabegani, daftari gotini,
tin.

Jioni nikajitafuta kwa uchungu,
si kwa jina, kwa jarida na ukurasa.
Mia nne kumi na nane.
Akatokea mtu: M. Mwasura.
Mwaka uleule, ufa uleule,
manukuu mia mbili na kumi na mawili.

Herufi mbili zilibadilishana viti, basi.
Wa kwanza labda alikuwa na njaa.
Wa pili akanakili kwa wa kwanza, wa tatu kwa wa pili,
hakuna aliyefunua chungu kuona kilichomo:
foleni ndefu,
kila mmoja akisoma mgongo wa aliye mbele yake.

Nikacheka mpaka mlinzi akachungulia.
Mwasura! Mwenzangu ana sura, mimi sina.
Makala moja ya Ohio inamwita bwana.
Jina la babu yangu, lililoteremka Wundanyi kwa miguu,
limefika huku likavalishwa suruali.

Nikawaandikia wenye orodha: tafadhali, rekebisheni.
Mashine ikajibu: ombi limepokelewa,
siku tisini za kazi.

Nikiwa nangoja siku hizo nikawaza
ni nani anayenukuliwa kuliko wote.
Wahenga.
Hawana chuo, hawana barua pepe.
Usipoziba ufa utajenga ukuta:
toleo lipi? Nani aliipitia kabla ya kuchapwa?
Bibi yangu aliinukuu ameshika sufuria inayovuja,
na yeye, angalau, alikuwa ameisoma sufuria.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Wilf Machin.

Longton, kiwanda cha mwisho mtaani kwao,
mchomaji tangu akiwa na miaka kumi na mitano.
Alinishika kiganja akakibandika kwenye tofali la mlango:
"Mkono ukikataa kutulia, usifungue.
Mama alinifundisha."
Mimi nikaenda kupima mkono ule kwa vipimajoto kumi na sita.

Rasimu ya kwanza alikuwamo,
mstari mmoja, jina lake na la mji wake.
Mhakiki akaandika pembeni: hiki si chanzo.
Na kurasa zilikuwa zimezidi.
Nikamfuta. Haikunichukua hata dakika.

Sasa nimeufungua ukurasa wangu,
naangalia aya ya pili, pale alipokuwa.
Sentensi zimeungana vizuri,
huwezi kuona kovu.
Herufi zake zote ziko sahihi, hakuna hata moja.

Dirishani kuna kikombe alichonipa,
cha mwaka juzi, kilichotoka salama.
Nimezima taa ya meza.
Nasikiliza.