Moja kwa Kumi na Mbili

Ngazi saba za ofisi ya kata nilizijenga mimi,
mwaka ule mvua ilikatika mapema
na Loleza ikavua ukungu wake kabla ya saa nne.
Mchanga wa mtoni, kokoto za kugonga kwa nyundo,
pimamaji niliyoachiwa na mjomba.
Niliambiwa: inua, Asajile, inua msingi,
mwananchi akifika ajue amefika serikalini.
Nikainua.
Kila ngazi sentimita kumi na nane,
hakuna iliyozidi, hakuna iliyopungua.
Usoni pa ile ya tatu, chini kabisa,
nikaandika jina langu kwa msumari, saruji ikiwa mbichi.

Miaka kumi na tisa nilizipita nikizitazama
kama mtu atazamavyo wanawe wakioa.

Kisha Juni, baridi ya kukaza vidole,
nimefuata barua ya mkopo,
nikamkuta Tusekile, muuza maparachichi wa Mwanjelwa.
Kiti chake cha magurudumu alikiegesha ukutani,
akatoa kandambili mfukoni,
akazivaa mikononi.
Nikasema, nikubebe, dada?
Akasema, mimi si gunia la viazi.
Akapanda. Kiganja, goti, kiganja, goti,
kitenge kikifuta vumbi la viatu vyetu,
mwanawe mbele kashika bahasha ya cheti.
Juu, karani alikuwa amekwenda kunywa chai.

Alipomaliza kushuka alinitazama, akajikung'uta.
"Wewe ndiye Asajile? Jina lako nimelisoma.
Nyie mnaosimama hamlioni.
Ngazi zako hazina kosa, baba.
Nimezipima zote."

Nilikwenda kwa Mtendaji Sichalwe. Akasema bajeti.
Nikarudi. Akasema mchakato.
Mwezi wa tisa ikasikika wageni wa ukaguzi wanakuja:
zege likamwagwa usiku mmoja, sijui na nani,
mteremko mkali kama paa la bati,
ukapakwa rangi ya njano, ukapigwa picha.
Jumatatu Tusekile akaujaribu.
Kiti kikapanda nusu, kikafikiri,
kikarudi kinyumenyume na ndoo ya maparachichi
mpaka barabarani. Kijana wa bodaboda akayaokota,
akarudisha yote, ila mawili.

Basi nikachukua nyundo.
Kibali sikuomba.
Hesabu yenyewe si ya chuo kikuu:
ukitaka kupanda moja, nenda kumi na mbili.
Ngazi zangu saba ni mita moja na robo,
kwa hiyo mita kumi na tano za kwenda polepole.
Uwanja haukutosha. Nikaukunja mteremko katikati,
nikaweka pa kupumulia, na bomba la kushika,
na ule mkunjo ukala kivuli
alichoegeshea Mtendaji pikipiki yake.
Alininunia wiki mbili.
Vijana wa kijiweni walisomba mchanga kwa toroli,
bila kuulizwa, wakibishana mpira.

Sasa nakaa ng'ambo, kwenye benchi la muuza supu.
Mama wa mapacha anapita pale. Mzee wa goti bovu.
Mwenye toroli ya maji. Hata wenye miguu yao mizima
wameziacha ngazi zangu; ya pili imeota nyasi
na sioni uchungu, au naona kidogo.

Safari hii sikuandika jina.
Tusekile akaniuliza kwa nini.
Nikamwambia, nani atatambaa kulisoma?
Akacheka mpaka parachichi likamponyoka.

Lakini dirisha la karani bado liko juu ya kichwa chake,
anagonga ukuta kwa sarafu ndipo waangalie chini.
Na mtaro wa Mabatini uko wazi:
Jumanne fimbo ya mwalimu Anyosisye, asiyeona,
iligusa hewa.
Nusu mfuko wa saruji umebaki.
Nimeufunika turubai. Mawingu yameanza kushuka Loleza,
na saruji, kama ahadi, ikinyeshewa kwenye mfuko
inakuwa jiwe lisilofaa kitu.